Kutunza kwa mbali: misimu mitatu ya kuzifuata bendi ndogo Unguja

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza kununua tiketi ya Sauti za Busara, tamasha letu la muziki la kila mwaka, nilifika Ngome Kongwe saa tatu za usiku, nimeshakula mishkaki yangu Forodhani, nimejipamba, nakuja kumuona msanii mkubwa ambaye picha yake ilikuwa kila ukuta wa Mji Mkongwe. Nikamuona. Alikuwa vile vile nilivyomjua redioni, na nikapanda gari kurudi Bububu sina kitu kipya kichwani. Kumbe nilichokuwa nakitafuta kilishapita tangu jioni, jua bado kali, watu hawafiki arubaini wamekaa kwenye ngazi za mawe, na mtoto mmoja anakimbizana na paka mbele ya jukwaa. Hayo nilihadithiwa na wifi yangu, ambaye alikuwepo, na hajaacha kunisimanga mpaka leo.

Tangu siku ile naingia mlango ukifunguliwa. Majina makubwa huwekewa usiku, wasiojulikana hupewa jua. Na mie hao wasiojulikana ndio ninaowataka: bendi zisizo na kampuni nyuma yao, zinazojirekodia, zinazojibebea spika, na ambazo anayekuuzia fulana baada ya shoo ndiye aliyekuwa akipiga besi dakika kumi zilizopita. Msimu huu ni wa tatu nazifuata kwa njia mbili: kwanza nazisikiliza laivu, halafu nazifuatilia Bandcamp, tovuti ambako msanii anauza muziki wake mwenyewe, mpaka kazi yao itoke. Mie si mwandishi wa muziki. Nasomesha skuli ya msingi, na mshahara wa mwalimu mnaujua, kwa hiyo kila senti ninayoisema hapa nimeiuma kabla ya kuitoa.

Kuhusu tamasha lenyewe sina mengi ya kuongeza kwa mwenyeji. Lipo tangu 2004, hufanyika Februari, na mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Wakati ule ndipo wengi tulipojua tulikuwa na kitu. Tiketi ya mwenyeji ni rahisi kuliko ya mgeni, hilo zingatieni, na mchukue kitambulisho. Sharti lao moja ndilo linalonirudisha kila mwaka: kila anayepanda anapiga laivu. Hakuna kuwekewa muziki nyuma ukachezesha midomo. Bendi changa ikipanda pale inakuwa uchi. Fidla ikiwa haijakaa sawa utaisikia, mwimbaji akiwa na homa utaisikia, na wakiwa hawajafanya mazoezi tangu mwezi uliopita utawaona wanatazamana.

Vijana wanaonishughulisha niliwaona katika msimu wa pili. Walikuwa watano: udi (ala kama gitaa lenye tumbo), kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kukwanyuliwa), besi, ngoma, na msichana mwimbaji aliyejifunga kanga ya kisutu juu ya suruali ya jinzi. Jina la bendi silitaji, maana nina maneno ya kuwasema huko mbele na bado ni watoto. Wimbo wa tatu waya wa besi ukafa. Mpiga besi akainama kuhangaika nao. Wengine wangesimama, waombe radhi, waanze kutania. Wao hawakusimama. Yule wa ngoma akashuka chini akakaa, akavuta vidumbak viwili, zile ngoma ndogo, akaingia mdundo wa kidumbak hasa, ule wa harusi za shamba, na kanuni ikapanda juu yake peke yake kwa dakika tano nzima. Mpiga kanuni alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesoma hati ndogo. Wageni walinyamaza. Sisi wenyeji tulipiga vigelegele, maana tulijua ameingia wapi na anatokea wapi.

Hapo wifi yangu akainuka. Kwa wasiomjua, wifi amelelewa na taarab. Mama yake alikuwa hakosi onyesho la Culture Musical Club, kikundi cha taarab cha hapa Unguja. Akatoa noti ya elfu tano kwenye mkoba, akaenda mbele kwa mwendo ule wa kutunza, yaani kumpa msanii pesa mbele za watu, polepole, bega moja likitangulia, noti juu. Walinzi wakatazamana. Mzungu mmoja akaanza kupiga picha. Yule kijana wa kanuni hakujua la kufanya, mikono yake yote miwili ina kazi. Mwimbaji ndiye aliyejua: akashuka, akaipokea kwa mikono miwili, akaichomeka kwenye kanga yake, akampigia wifi goti kidogo, akarudi kuimba. Hakuna chombo kilichonyamaza.

Nimelihadithia hili kwa urefu kwa sababu ndiyo mizani yangu. Kutunza si kulipa kiingilio. Kiingilio unamlipa mlangoni mtu usiyemjua, kabla hujasikia kitu. Kutunza unampa mwenyewe, mkononi, kwa ubeti uliokuchoma, na watu wanakuona. Huduma yoyote inayosema inamsaidia msanii mdogo mie naipima hivyo tu: iko karibu kiasi gani na ile noti ya wifi?

Baada ya shoo tuliwakuta nje, wanakunja nyaya.

"Shikamoo bi," akasema wa udi.

"Marahaba mwanangu. Kanda yenu tunaipata wapi?"

Akacheka kwa hilo neno kanda. "Bado tunarekodi, bi. Inshaallah Mfungo Mosi itatoka."

"Mfungo Mosi wa mwaka gani?" akauliza wifi. (Mfungo Mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani.)

Wakatupa anwani yao ya Bandcamp kwenye kipande cha karatasi. Nikaifungua usiku ule ule. Kulikuwa na wimbo mmoja tu, na chini yake tangazo la kazi ya nyimbo nne inayokuja.

Namna inavyokwenda ni hivi. Ukiifuata bendi, wakitoa kitu unaletewa barua pepe. Kazi ambayo bado haijatoka unaweza kuiagiza mapema: pesa inakatwa pale pale, unapewa wimbo mmoja au mbili walizoziachia, na zilizobaki zinaingia siku ya kutoka. Ukishanunua unapakua faili ni lako, unasikiliza bila bando, hata ukiwa kwenye boti katikati ya maji. Bandcamp wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, ikishuka hadi 10 kwa anayeuza sana, ukiweka pembeni ada ya malipo. Kinachobaki ni cha bendi. Na bei iliyoandikwa ni ya kuanzia. Ukitaka kuongeza, ongeza. Nilipoona kile kisanduku cha kuandika pesa zaidi nilicheka peke yangu chumbani. Wamarekani nao wanatunza!

Kazi ya vijana wangu ilikuwa dola 5, kiasi cha shilingi 13,000. Nikaandika 7.

Kulipa ndiko kunakotaka subira. Pesa za simu hazipokelewi moja kwa moja, ni kadi au PayPal, nami natumia kadi ya mtandaoni ninayoitengeneza kwenye simu. Mara mbili ilikataa, mara ya tatu ikakubali. Halafu kuna zile Ijumaa ambazo Bandcamp huacha fungu lao lote liende kwa wasanii; walianza Machi 2020 wakati wa korona, na bado wanaziweka Ijumaa kadhaa za mwaka. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba siku hiyo huhesabiwa kwa saa za California. Kwetu inaanza saa nne au saa tano za asubuhi na kwisha Jumamosi muda huo huo. Mie nilinunua albamu ya watu wengine saa moja asubuhi kabla ya kwenda skuli, nikijiona hodari, kumbe huko kwao bado Alkhamisi.

Mtaniuliza, kwa nini nisisikilize bure kama watu? Nasikiliza. Spotify ilifunguliwa Tanzania mwaka 2021, na Boomplay tunayo wote. Lakini tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili, na bendi inayoimba Kiswahili cha Makunduchi juu ya kanuni kufika elfu moja si mchezo. Kuna programu nyingine pia, jina naliacha, ambayo iliuchanganya ukurasa wa vijana wangu na watu wa mbali kabisa wenye jina kama lao. Nikafungua kusikia udi, nikapigwa na magitaa ya kupasua masikio na mtu anayenguruma. Nimewaandikia mara tatu. Nguruma bado ipo.

Mfungo Mosi ukapita. Mfungo Pili, kimya. Barua pepe ikaja baada ya Mfungo Tatu, nikiwa nasahihisha madaftari, nikayasukuma pembeni nikavaa spika za masikioni.

Nitasema kweli, ilinivunja moyo. Mwimbaji yupo, sauti safi, maneno mazuri. Lakini vidumbak vimeondolewa, pamewekwa ngoma za kompyuta, zile zile za kila wimbo wa redioni, na kanuni imesukumwa huko nyuma kama mgeni asiyekaribishwa. Zile dakika tano zimekuwa sekunde ishirini. Nilimpigia wifi nikamsikilizisha kwa simu. Akasema, "Hawa si wale." Studio inalipiwa kwa saa, najua, na kurekodi kanuni yenye nyuzi zaidi ya sabini kunataka maikrofoni nzuri na mtu anayejua kuiweka. Kompyuta haitaki hivyo. Lakini mie nilitunza kanuni, nikaletewa kompyuta. Wimbo wa nne tu, waliouacha na udi na sauti peke yake, ndio ninaoupiga mpaka leo, na kwa huo sidai changu.

Si kwamba haiwezekani. Siti and the Band walianza hivi hivi, vijana wa chuo cha muziki cha DCMA, na albamu yao Fusing the Roots ya 2018 ina udi na kanuni zinazosikika kwa raha zao pamoja na besi na magitaa. Na 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji mkubwa wa taarab wa zamani, alitolewa albamu na kampuni ndogo ya London. Niliinunua hapo hapo Bandcamp. Bi Siti alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodiwa ndipo sauti yake ikarudi Unguja kwenye santuri. Ya kitukuu chake nimeinunua kutoka London nikiwa nimekaa barazani Bububu. Safari haijafupika sana.

Kwa hiyo alama zangu, nikiwa mwalimu lazima nitoe. Laivu tisa kwa kumi; moja nimeikata kwa usafiri, maana 502, daladala ya Bububu, usiku ule huioni na bodaboda anakutajia bei kwa kukutazama nguo. Kuagiza mapema, sita. Faida yake ni kwamba pesa inawafika kabla, wakati wanalipia studio. Hasara yake ni kwamba unanunua ahadi. Sasa nimejifunza kutazama mambo mawili kabla ya kulipa: wimbo walioachia umerekodiwa vipi, na nimeshawaona jukwaani mara ngapi. Mara moja haitoshi. Mara moja inaweza kuwa waya wa besi tu.

Msisahau na kuwatafuta nje ya tamasha. Mahotelini wanapiga, na nimekwenda, lakini kwenye hoteli moja ya ufukweni niliona bendi nzuri imewekwa pembeni ya meza za chakula, inaambiwa ipunguze sauti, inarudia nyimbo zile zile tatu ambazo wageni wanazijua, na juisi yangu ya embe imegharimu kuliko ile kazi ya nyimbo nne. Afadhali harusi. Ukisikia kuna kidumbak shamba, omba mwaliko.

Na kwa walioko Pemba, mna haki ya kulalamika, maana bendi hizi kuwavukia ni nadra. Binamu yangu wa Chake Chake nyimbo zake zote amejaziwa dukani kwenye memori kadi, mia nne kwa mkupuo, hazina majina. Nilipomsifia ule wimbo wa nne akasema, "Nirushie WhatsApp." Nikamwambia si wa kurusha, unauzwa. Akacheka mpaka akakohoa. Bandcamp kuna sehemu ya kumnunulia mtu zawadi, unaandika barua pepe yake anatumiwa, basi nikailipia tena, dola 5 nyingine, nikamwambia nitumie barua pepe yako.

Hana. Kanipa ya mkewe, na mkewe neno la siri amelisahau. Wimbo uko huko ndani tangu wiki iliyopita.