Lenzi ya kamera ya ulinzi: kitambaa kikavu au chenye unyevu?

Kwa gharama na wepesi, kitambaa laini kikavu kinashinda. Ila puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mkono. Chembe za mchanga zikisuguliwa huacha mikwaruzo isiyofutika. Hapo ndipo wengi huharibu kamera nzuri, na inauma.

Unyevu kidogo wa maji safi yasiyo na chumvi huondoa alama za vidole na madoa ya mvua, ambayo kikavu huyasambaza tu. Lowesha kitambaa, usiinyunyizie kamera. Spiriti iepuke kwenye kifuniko cha plastiki, huweza kukififisha.

Utando wa buibui, unaoakisi mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho, ambao kamera hutumia kuona gizani) usiku na kuipausha picha, unataka brashi laini tu.

Kamera ya ndani, kikavu kinatosha. Ya nje, inayopigwa na mvua au moshi, itahitaji unyevu.