Blogu au Instagram?

Mdogo wangu wa Sinza anataka kuandika kuhusu vyakula vya mitaani hapa Dar, na swali lake ni moja tu: afungue blogu au ukurasa wa Instagram?

Blogu ndiyo kongwe. Jina lilianza kama "weblog" mwaka 1997, likafupishwa 1999, na mwaka huohuo Blogger, huduma ya kufungulia blogu, ikazinduliwa. Hapo ndipo mambo yalipochangamka. Mtu asiyejua chochote kuhusu kutengeneza tovuti alijaza kisanduku, akabonyeza, habari ikawa hewani. Kwetu, mpigapicha Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005, na Watanzania wa ughaibuni wakawa wanaifungua kutazama ya nyumbani.

Uzuri wa blogu ni kumbukumbu. Makala ya mihogo ya Coco Beach ya miaka mitano iliyopita bado Google inaweza kumletea msomaji leo. Instagram, iliyoanza 2010, posti ya juzi imeshazama. Lakini watu wako huko, na bando lao linaishia hukohuko. Hilo silipingi.

Kuna na leseni. Kanuni za 2018 ziliwataka wanablogu wajisajili TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ada zilizozidi shilingi milioni mbili, na baadhi wakafunga. Zimerekebishwa tangu hapo, kwa hiyo aulize kwanza.

Mimi ningechagua blogu, Instagram iwe ya kuita watu. Shida ni yeye: picha anapiga vizuri sana, ila aya tatu mfululizo sijawahi kumwona akiandika.