Etymotic ER20XS: vizibo vya masikio kwa wiki ya safari na muziki wa jukwaani

Wiki ya safari na marafiki, mchana njiani na usiku mbele ya bendi, huyachosha masikio kuliko miguu. Miguu hupona kwa usingizi. Chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, na ndiyo maana vizibo vinastahili kuwa kitu cha kwanza kuingia begini. Miongoni mwa vile vya bei ya kawaida, yaani visivyochongwa kwa kipimo cha sikio la mtu mmoja, ER20XS vya kampuni ya Etymotic ya Marekani ndivyo tunavyovipendekeza. Vina kasoro zake, nazo tutazitaja.

Swali la kwanza la wengi ni kwa nini wasinunue tu vya sponji. Sponji huzuia sauti nyembamba zaidi kuliko nzito. Maneno ya mwimbaji na matoazi hufifia, besi inabaki, na muziki wote unasikika kama unatoka chumba cha pili. Isitoshe, njia ya sikio lililo wazi huzipa nguvu sauti za karibu hezi 2700, na ukiiziba nguvu hiyo hupotea. Ndani ya ER20XS mna kijibomba kilichopimwa ili kuirudisha, pamoja na kichujio kinachopunguza mkondo wa sauti. Matokeo yake ni kwamba sauti hushuka karibu sawasawa, kwa takriban desibeli 20. Gitaa linabaki gitaa. Besi nayo bado utaihisi kifuani, kwa sababu mtetemo wake hupitia mwilini pia.

Pakiti imeandikwa NRR 13, yaani upunguzaji wa desibeli 13 kwa kipimo rasmi cha Kimarekani, wala si 20, na wanunuzi hulalamika kwamba wamedanganywa. Hawakudanganywa. 20 ni makadirio ya kizibo kilichokaa vizuri, ilhali NRR hukatwa makusudi ili kufidia tofauti za masikio ya watu. Kwa hesabu za safari chukua 15.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Shirika la Afya Duniani na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika mwongozo wao wa vifaa vya kusikilizia, waliweka kikomo cha wiki kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Karibu na jukwaa ni jambo la kawaida kukuta desibeli 101, na hapo posho ya wiki nzima huisha kabla ya dakika 19. Hizo ni nyimbo nne au tano. Ukivaa vizibo vinavyopunguza 15, unabaki na 86, na posho yako inakuwa saa 10. Lakini usiku nne za saa tatu tatu ni saa 12, kwa hiyo vizibo peke yake havitoshi kwa anayeng'ang'ania kusimama mbele ya spika. Rudi nyuma. Uwanjani, kutoka mita 5 hadi mita 10 mbele ya spika moja hupunguza karibu desibeli 6, na muda wako unakuwa mara nne. Ndani ya ukumbi faida ni ndogo, maana kuta huirudisha sauti.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuvitoa ili kuzungumza. Kwa tofauti ya desibeli 15, dakika 10 bila vizibo ni sawa na saa 5 na dakika 20 ukiwa navyo. Wala hakuna haja ya kuvitoa: mwenzako akisema karibu na sikio lako utamsikia vizuri kuliko ukiwa huna, kwa kuwa kelele na sauti yake vimeshuka pamoja na sikio halijalemewa. Tatizo liko upande wa pili. Sikio likizibwa, sauti yako mwenyewe huvuma kichwani, unadhani unapaza kumbe unanong'ona. Paza kidogo kuliko unavyoona inatosha. Kizibo kikiingia ndani zaidi, mvumo huo hupungua. Kutafuna nako kutasikika sana, hilo halina dawa.

Uvaaji ndio unaoamua kama fedha yako imepotea. Lowesha kidogo zile kingo tatu za silikoni. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, kisha ingiza kizibo kwa kukizungusha taratibu mpaka kikae bila kulegea. Kisha funika masikio kwa viganja vyote viwili. Kelele ikishuka sana, basi kuna mahali panavuja. Toa, anza upya, au badili saizi. Masikio mawili ya mtu mmoja huweza kutaka saizi mbili tofauti, kwa hiyo jaribu kila upande nyumbani, si langoni mwa ukumbi. Wakati wa kutoa, zungusha polepole. Ukivuta kwa ghafla, mfyonzo huumiza ngoma ya sikio.

Kamba ya shingoni itumie, hata kama inasugua nguo na kukuletea mkwaruzo masikioni. Kizibo kikianguka gizani kati ya watu wanaocheza, hukipati tena.

Sasa kasoro. Kwa usingizi havifai: shina lake, japo limefupishwa kuliko la ER20 ya zamani, hukandamiza sikio la anayelalia ubavu, na kiasi inachopunguza ni kidogo kwa mkoromo wa mwenzako chumbani. Hapo sponji inashinda. E-A-R Classic, kwa mfano, ina NRR 29. Beba jozi kadhaa, ivingirishe iwe nyembamba, ingiza, ishikilie kwa nusu dakika mpaka itanuke. Mpiga ngoma, au yeyote anayekaa kando ya matoazi kila wiki, atafute vya kuchongwa. Watoto wapewe vifuniko vya nje vya masikio. Mwenye usaha au tundu kwenye ngoma ya sikio asiingize chochote kabla ya kumwona daktari.

Kwenye ndege vitoe inapoanza kushuka. Havikutengenezwa kusawazisha shinikizo.

Kila asubuhi osha kingo za silikoni, ukizichomoa kwenye shina, kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, na zikauke kabisa kabla ya kurudi kibwetani. Shina lenye kichujio lisilowe. Upande mmoja ukisikika hafifu, badilishana vizibo kulia na kushoto: hafifu ikihama, kizibo kimezibwa na nta, isipohama, tatizo ni sikio lenyewe au jinsi ulivyokivaa.