Mionzi ya mara ya pili kwenye nyonga: uzoefu wangu

Tuelewane kwanza: mionzi hii haiponyi saratani iliyokwisha kusambaa mifupani. Inatuliza maumivu. Saratani yangu ilianzia kwenye titi ikashuka hadi nyonga ya kushoto. Nilipigwa mionzi, nikakaa karibu mwaka bila kuchechemea, kisha maumivu yakarudi pale pale na jeuri zaidi. Mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, ikawa inanilaza tu. Mtaani utaambiwa mfupa ukishapigwa mionzi haupigwi tena. Unapigwa, mradi zipite angalau wiki nne na daktari ajue mwanzoni ulipokea kiasi gani.

Kwenye hicho kiasi ndiko nilikotaabika. Hospitali iliyonitibu mwanzo ilinipa karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa "amemaliza mionzi", basi. Grei ngapi (ndicho kipimo cha mionzi), kwa awamu ngapi, eneo gani, hakuna. Wifi yangu alienda akarudi: faili limo stoo, mwenye ufunguo yuko likizo! Daktari mpya hakukubali kuanza bila rekodi, na nilimwelewa. Mionzi ya zamani hubaki kwenye hesabu kama deni la dukani. Utumbo na kibofu viko jirani, na kwa wenye ugonjwa mgongoni, mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti ndiyo ya kuogopewa zaidi. Daini rekodi zenu mapema.

Faili lilipopatikana, kulikuwa na njia mbili: grei 8 kwa siku moja, au grei 20 zikigawanywa kwa siku kadhaa. Daktari alinitajia utafiti wa mwaka 2014 uliofanyika nchi kadhaa kwa wagonjwa 850: nafuu ilikaribiana, na waliopigwa mara moja hawakusumbuliwa sana na kuharisha wala kukosa hamu ya kula. Hakunificha kwamba hata miongoni mwa waliokamilisha tiba, ni karibu nusu tu waliopata nafuu. Kwa mtu anayetoka Mombasa kufuata mashine Nairobi, nikachagua siku moja.

Siku yenyewe kazi kubwa ni kulala. Meza ni ngumu, mguu unyooshwe, na fundi anakutafutia zile nukta za wino za zamani, anachora nyingine kwa kalamu. "Mama, usitikisike." Akatoka, mlango ukafungwa, mashine ikanguruma ikizunguka. Huhisi moto wala kuchomwa. Kuniweka sawa kulichukua muda mrefu kuliko mionzi yenyewe.

Usiku wake maumivu yalipanda vibaya. Hutokea kwa siku mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo ulizeni habari ya deksamethasoni, dawa ya kuzuia maumivu hayo kupanda, kabla hamjaondoka. Nafuu yangu ilikuja taratibu, wiki ya tatu hivi, nikapunguziwa mofini kidogo kidogo na daktari. Sasa rakaa mbili za alfajiri naswali nimesimama. Za adhuhuri bado nakalia kiti. Nairidhia.

SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ililipia mionzi. Nauli na malazi ni juu yako. Na kama mfupa umeliwa sana, mpasuaji wa mifupa auangalie kwanza, maana mionzi haishikilii mfupa unaotaka kuvunjika. Wenye ugonjwa mgongoni, mkiona miguu inakufa ganzi au mkojo umegoma, kimbieni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje miadi.