Monita ya Hz 165 na TV ya 4K kwenye kompyuta moja: uzoefu wangu

Hapa Dodoma natumia monita ya inchi 27, mwonekano wa 2560 kwa 1440, Hz 165 (yaani picha inabadilishwa mara 165 kwa sekunde), na TV ya inchi 43 ya 4K (mwonekano wa 3840 kwa 2160), Hz 60. Zote ziko kwenye kompyuta moja yenye kadi ya picha ya RTX 3060. Monita ni ya kazi na magemu, TV ni ya mpira na filamu. Naupenda mpangilio huu na ninaupendekeza, ila uzuri wake unategemea matundu na waya kuliko bei ya vioo.

Kuna aina mbili za matundu ya picha: monita iende kwenye DisplayPort, TV iende kwenye HDMI. Usigeuze. Kadi nyingi za aina hii zina matundu matatu ya DisplayPort na moja tu la HDMI, na TV karibu zote hazina DisplayPort. Zaidi ya hapo, HDMI 2.0 kwa mwonekano huo wa 1440 inaishia Hz 144, wakati DisplayPort 1.4 inafika 165 bila kuhangaika. Waya zote mbili zichomekwe kwenye kadi yenyewe, si kwenye matundu ya ubao mama yaliyo juu yake. Na usinunue waya wa bei rahisi wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI ukitegemea kuutumia kinyume: unapeleka picha upande mmoja tu, kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda kioo chenye HDMI.

Kinachowasumbua wengi kinakuja baada ya kuwasha. Windows ikiwa imewekwa kuonyesha picha ileile kwenye vioo vyote viwili, inatafuta kiwango ambacho vyote vinakiweza, na mara nyingi monita inashuka hadi Hz 60. Mtu anadhani kauziwa monita feki. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend, ili kila kioo kiwe na picha yake. Kisha ingia Settings, System, Display, halafu Advanced display. Chagua kioo kimoja kimoja na uweke Hz zake, 165 kwa monita na 60 kwa TV. Windows haipandishi kasi yenyewe kila mara, kwa hiyo usiruke hatua hii. Hapohapo kwenye Display weka ukubwa wa maandishi: 100% inatosha kwa monita, TV inahitaji 150% au zaidi ukiwa umekaa kwenye kochi.

Kama bado unatumia Windows 10 ya zamani, kabla ya toleo la 2004 lililotoka Mei 2020, video ikicheza kwenye TV inaweza kuifanya monita ikwamekwame. Sasisha kwanza kabla ya kulaumu kadi.

TV nayo ina mambo yake. Ikikubali Hz 30 tu kwenye 4K, kipanya kitakuwa kizito mkononi. Sababu huwa ni waya wa zamani, au tundu la HDMI 1.4, au mpangilio wa ndani ya TV haujawashwa. Kwenye Samsung unaitwa Input Signal Plus, kwenye LG ni Ultra HD Deep Colour. Herufi zikiwa na ukungu wa rangi pembeni, badilisha jina la chanzo hicho kwenye TV liwe PC. Kingo za picha zikikatwa, tafuta Just Scan au Screen Fit. Sauti ikijihamishia kwenye TV, irudishe kwa kubofya alama ya spika kwenye kompyuta.

Waya wa HDMI wa kawaida wa shaba uwe chini ya mita 5 kwa 4K ya Hz 60. Ukizidi hapo picha inaweza kupotea na kurudi. Kwa sebule kubwa nunua wa nyuzi za mwanga, na uangalie maandishi kwenye ncha: upande wa Source ni wa kompyuta.

Sasa umeme, na hapa naomba msikilize. Kompyuta isiyo na ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini), kasha lake huelea kwenye takriban nusu ya volti 230. Mkondo ni mdogo, utausikia kama mtekenyo kidoleni, lakini TV iliyounganishwa na king'amuzi na dishi la nje inaupa njia ya kupita, na unapochomeka HDMI huku vyote vimeunganishwa na umeme tundu linaweza kuungua. Kwenye nyumba nyingi za kupanga soketi ina matundu matatu ila waya wa ethi haupo nyuma yake. Mwite fundi apime. Na siku zote zima, chomoa umeme, unganisha waya za picha, ndipo uwashe.

Jambo la mwisho ni joto. Vioo viwili vyenye Hz tofauti huzifanya kadi nyingi zisipumzike vizuri hata usipocheza gemu, kwa sababu kumbukumbu ya kadi inabaki kwenye kasi kubwa. Ukiwa unaandika tu, shusha monita hadi Hz 120, ambayo ni mara mbili ya 60. Mara nyingi inasaidia, na video za Hz 60 zinatiririka sawasawa. Kwa vumbi letu la kiangazi, safisha feni na vichujio vya kasha kila mwezi, kuanzia upepo unapoanza kuvuma.