Muscadet na vyakula vya baharini: palipofaa na palipopwaya

Anayetafuta mvinyo wa kuandamana na mlo wa vyakula vya baharini huambiwa achague mweupe, na ushauri huo, japo si wa uongo, haumfikishi mbali, kwa kuwa mivinyo myeupe hutofautiana kama samaki wenyewe. Ninaoutathmini hapa ni Muscadet Sèvre et Maine, ule wenye maneno sur lie kwenye lebo, ambao niliunywa katika mlo mmoja mrefu ulioanza kwa chaza wabichi, ukapita kwa ngisi wa kukaanga na kamba wa kuchoma, ukaishia kwa kamba koche aliyeogeshwa siagi.

Muscadet hutoka magharibi mwa Ufaransa, kandokando ya jiji la Nantes, mahali ambapo mto Loire unakaribia kuingia katika Bahari ya Atlantiki. Zabibu yake ni Melon de Bourgogne, iliyoenea huko baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuangamiza mizabibu mingi, kwa sababu yenyewe huistahimili baridi. Ni zabibu isiyo na makeke, na harufu yake ni hafifu kiasi kwamba mvinyo wake, usiposaidiwa, unaweza kuonekana kama maji yaliyotiwa limau. Msaada hutokana na huko kuitwa sur lie: mvinyo hulazwa majira yote ya baridi juu ya mashapo ya hamira iliyomaliza kazi ya kuchachusha, kisha hutiwa chupani moja kwa moja kutoka hapo. Ndiyo maana niliukuta na unene kidogo ulimini, harufu ya mbali ya unga wa mkate uliofura, na mchomo mwepesi wa gesi kwenye ncha ya ulimi. (Msomaji asiuchanganye na Moscato, ambao mara nyingi ni mtamu na wenye kunukia sana, majina yanakaribiana, vinywaji havikaribiani.)

Kwa chaza, sina cha kuulaumu. Uchachu wake ulifanya kazi ya limau bila kuifunika ile chumvi ya bahari, na kila funda liliuacha mdomo safi, tayari kwa chaza mwingine. Kwa ngisi pia ulifaa, kwani uchachu huohuo uliyakata mafuta ya kukaangia. Kamba wa kuchoma, waliokuwa na utamu wao na harufu ya moshi, walianza kuuzidi nguvu. Hapo ningependelea Albariño ya Rías Baixas, kaskazini-magharibi mwa Hispania, ambayo ina uchachu wa kutosha lakini huongeza harufu ya pichi. Mbele ya kamba koche, Muscadet ulishindwa kabisa: siagi iliufanya uwe mwembamba na mkali, nikatamani Chardonnay iliyokaa katika mapipa ya mwaloni. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliwaangalia wanyama nikasahau mchuzi, ilhali mara nyingi mchuzi na namna ya kupika ndivyo vinavyoamua.

Mwenzangu mmoja mezani alishikilia mvinyo mwekundu, akalalamika kuwa chaza wameacha shombo na ladha ya chuma kinywani. Hakuwa akiota. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walionyesha kuwa madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo ndiyo yanayoamsha shombo hiyo, na kadiri yanavyokuwa mengi ndivyo inavyozidi. Kwa hiyo rangi si kosa lenyewe, na mwekundu mwepesi wenye tanini kidogo (ule ukakasi wa maganda ya zabibu unaokausha kinywa), kama Pinot Noir, unaweza kukaa vizuri na jodari wa kuchoma. Kwa chaza nisingejaribu.

Muscadet unywewe ungali mchanga na ukiwa na baridi ya nyuzi 8 hadi 10 hivi. Glasi yangu ya kwanza ilitoka moja kwa moja kwenye barafu, na ile harufu ndogo iliyopo ikawa haipo kabisa hadi dakika kadhaa zilipopita. Kileo chake, asilimia 12 hivi, kinauruhusu kuandamana na sahani nyingi bila kumlewesha mlaji mapema. Nitaununua tena, chupa mbili za chaza na ngisi, na kamba koche nitamtafutia mwenzake.