Njumu za barafu kwa Ziwa Abraham: zipi zinashika, zipi zinateleza

Mapovu meupe yaliyoganda ndani ya Ziwa Abraham, Alberta, Kanada, yanaonekana kwa sababu ya upepo. Yapo pia katika maziwa mengine ya Milima ya Rocky, ila kule theluji huyafunika. Hapa upepo huifagia yote, ikabaki barafu tupu, ngumu, iliyong'aa. Na upepo huohuo unaweza kukusukuma ukiwa umesimama tu, hujapiga hata hatua. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kamera, fikiria miguu.

Madukani utakuta aina tatu za njumu, yaani vyuma vya kuvalisha buti. Za waya wa springi ni nyepesi na za bei nafuu, na kwa barabara za miji ya Edmonton au Calgary zenye theluji iliyokanyagwa zinatosha. Ziwani ziache. Waya wa mviringo hauna ncha ya kuingia kwenye barafu, unapita juu juu. Aina ya pili ni mpira wenye misumari mifupi. Inashika kiasi, lakini misumari huchomoka, na nyingi hazina kitu katikati ya wayo.

Ya tatu, ya mnyororo wenye meno, ndiyo ya kununua. Kahtoola MICROspikes ni mfano mzuri: meno 12 kila mguu, ya chuma kisichoshika kutu, yenye urefu wa karibu sentimita 1. Bei ni zaidi ya mara mbili ya zile za springi, na inastahili.

Saizi ndipo wengi wanapokosea. Buti la baridi ni nene kuliko raba, kwa hiyo zijaribu juu ya buti lenyewe, si kwa namba ya kiatu. Zikilegea, mnyororo unahamia pembeni na meno yanabaki nje ya soli, hasa ukitembea kwa mshazari. Zikibana mno, vidole vinakosa damu na kuganda. Zivae ukiwa bado garini, mpira unaozishikilia ukiwa na joto: ingiza ncha ya buti kwanza, kisha vuta nyuma mpaka mpira upande juu ya kisigino. Ukisubiri ufike ufukweni utapambana na mpira mgumu huku glavu umezivua.

Usitembee nazo kwenye mawe kwa muda mrefu, maana meno huwa butu. Kwenye sakafu ya vigae chuma huteleza vibaya, na kuendesha gari nazo ni hatari. Jambo jingine: meno huchora barafu, na mikwaruzo huonekana kwenye picha. Chagua kwanza sehemu ya kupiga, kisha izunguke.

Cha kutazama ni mirundo ya mapovu. Majani na miti iliyo chini huozeshwa na bakteria, nayo hutoa gesi ya methani. Barafu hukua kutoka juu kwenda chini, hivyo povu linalopanda hukwama na kufungiwa, linalofuata hukwama chini yake, mpaka yanakuwa kama sahani zilizopangwa kabatini. Kipindi kizuri ni katikati ya Januari hadi Februari.

Hata njumu bora hazikulindi na barafu nyembamba. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada linashauri unene wa sentimita 15 kwa mtu anayetembea peke yake, na 20 kwa kundi. Hili si ziwa la asili: lilitokana na bwawa la umeme la Bighorn, mwaka 1972. Kina cha maji hupanda na kushuka, na yakishuka barafu ya kando hubaki ikining'inia juu ya uwazi, kisha hupasuka. Pima kwa kutoboa, sehemu zaidi ya moja. Mlio wa barafu kujinyoosha usikutishe sana. Maji yanayochuruzika juu ya ufa ndiyo ya kukurudisha nyuma. Simu haishiki sehemu kubwa ya Barabara Kuu namba 11 inayopita kando ya ziwa, basi jaza mafuta kwenye kijiji cha Nordegg na umwachie mtu taarifa ya saa ya kurudi.

Ukienda mara moja tu, usinunue. Waongoza watalii wengi huazimisha njumu pamoja na kofia ngumu. Uliza kabla ya kulipa ni za aina gani. Wakikuambia ni za springi, tafuta mwongozaji mwingine.